Risala ya Wajitoleaji wa Bahati Kuhusu Vifaa vya Zimamoto na Uokoaji Vinavyopelekwa Maeneo ya Mapigano

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru. Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi katika Bunge la Kaunti. Mheshimiwa Mbunge wa Bahati. Kamishna wa Kaunti. Machifu, viongozi wa dini na wageni wetu wote.

Waheshimiwa,

Sisi tulio mbele yenu tumetoka katika wadi za Bahati, Dundori, Kabatini, Kiamaina na Lanet/Umoja. Wamo miongoni mwetu wakulima wa viazi na mahindi, mafundi wa magari, waendesha bodaboda, wauguzi waliostaafu, walimu, na vijana ambao bado wanasaka ajira. Kazi tuliyojitwika haina mshahara. Tunapokea vifaa vya kuzima moto na kuokoa watu vinavyotolewa na wahisani wa ndani na wa nje, tunavikagua, tunavitengeneza, kisha tunavipeleka kule ambako nyumba zinachomwa na watu wanapigwa risasi, hasa Baringo Kusini, kwa njia ya Mogotio na Marigat. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi na malalamiko kwa mamlaka za umma. Leo tunaitumia haki hiyo.

Tunalodai tunaweza kulisema kwa pumzi moja. Kifaa cha msaada hakihesabiwi kuwa kimefika mpaka kifanye kazi mikononi mwa mtu aliye karibu na moto, na anayekibeba hawezi kuachwa bila ulinzi wa sheria. Leo hii, kati ya mhisani aliyekitoa na mama anayekingoja, kifaa hicho kinakwama mahali pengi, na karibu pote panaweza kufunguliwa kwa uamuzi wa watu walioketi hapa.

Wapo wanaotuuliza kwa nini watu wa Bahati wahangaikie moto wa Baringo. Waheshimiwa, jibu limo katika maisha ya watu waliojaa uwanjani hapa. Wazazi wa baadhi yetu walihama Molo, Olenguruone na Njoro kwa sababu ya machafuko ya 1992 na yale ya 1998. Wengine walifika huku na watoto mgongoni baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika machafuko yale, na Bonde la Ufa ndilo lililoumia kuliko mikoa yote. Siku ya Mwaka Mpya wa 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 27 Januari mwaka huohuo, Naivasha, mji ambao leo umo katika kaunti yetu hii, watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja. Hapa Nakuru mjini, uwanja wa maonyesho ya kilimo uligeuka kambi ya waliopoteza makwao.

Tunayataja haya kwa sababu nchi hii inapokumbuka 2008 hukumbuka mapanga na mishale, ikasahau kwamba silaha iliyoangamiza makao mengi zaidi ilikuwa kiberiti. Petroli kidogo iliweza kumaliza mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Barabara zilikuwa zimezibwa kwa mawe na magogo, kwa hiyo hata penye gari la zimamoto lenye dereva shujaa lisingepita. Mtu pekee aliyeweza kuokoa ni jirani, na jirani hakuwa na chochote. Hakuwa na kishoka cha kuvunjia dirisha lenye vyuma, wala ngazi, wala machela, wala hata glavu za kushikia bati la moto. Tangu wakati huo sisi tunaamini kwamba mahali penye vita, uokoaji hauanzii kwenye kituo kikubwa cha mjini. Unaanzia kwa watu wa kijijini walio na vifaa vidogo na wanaojua kuvitumia.

Imani hiyo ilitiwa nguvu na misiba isiyokuwa ya vita. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka kwenye barabara kuu. Watu wakakimbilia kuteka petroli, ikalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, hapo jirani zetu Solai, kingo za bwawa lililokuwa katika shamba la Patel zilipasuka, maji yakashuka na kuzoa nyumba za wafanyakazi na wakulima waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao watoto. Watu wa vijijini walianza kuchimba tope kwa majembe, sururu na mikono. Kijana aliyewahi kumtafuta mtoto ndani ya tope kwa jembe, huku akiogopa kumkata, hahitaji kuelezwa kwa nini tunahangaikia vifaa vya watu wengine.

Sasa tuseme hali ilivyo huko tunakokwenda. Mwezi Februari 2023 serikali kuu ilitangaza sehemu za kaunti 6 za kaskazini mwa Bonde la Ufa kuwa maeneo ya vurugu na hatari: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Jeshi liliitwa kuwasaidia polisi, na wananchi wakazuiwa kutembea usiku. Kabla ya hapo, familia za Mukutani zilikuwa zimekimbia makwao 2017. Kisha maji ya Ziwa Baringo yakapanda na kumeza mashamba, shule na zahanati, hivyo mtu aliyemkimbia mwenye bunduki akakutana na maji. Wailchamus, Watugen na Wapokot wote wamezika watu wao. Sisi hatuendi kule kuamua nani alianza. Tunakwenda kwa sababu nyumba ya miti na nyasi ikishawashwa inaanguka upesi mno, na aliyepigwa risasi akibebwa kwenye blanketi juu ya bodaboda hutokwa na damu njia nzima hadi Marigat.

Tumejifunza kule jambo ambalo wahisani wengi hawalijui. Gari kubwa la zimamoto halina kazi katika njia za Arabal, huko Baringo Kusini. Linazama kwenye mchanga wa lugga, yaani mto mkavu, halina pa kuteka maji, na likiharibika hugeuka kifusi barabarani. Kinachookoa watu kule ni bomba la kubeba mgongoni, kama lile wakulima wetu wanalonyunyizia dawa kwenye viazi. Ni vigongo vyenye mpira wa kupigia moto wa nyasi, machela za kukunja, bandeji za kukaza jeraha linalovuja damu, taa za kichwani, kamba imara, na ufukweni mwa ziwa, jaketi za kujiokolea majini. Vitu hivi ni vyepesi, bei yake si kubwa, na pikipiki inaweza kuvibeba. Lakini havipendezi kwenye picha. Kwa sababu hiyo tunaletewa vile tusivyohitaji, na tunavyohitaji tunanunua kwa michango yetu wenyewe.

Waheshimiwa, hili la vifaa visivyolingana na kazi linahitaji maelezo marefu kidogo, na tunaomba mtuvumilie, maana ndipo misaada mingi inapofia.

Kenya ilirithi kutoka kwa Waingereza viungio vya mipira ya maji vya aina ya BS 336, ambavyo upande mmoja ni wa kiume na mwingine ni wa kike, vikisukumwa vinajifunga. Poland, Ujerumani na nchi nyingi za bara la Ulaya hutumia kiungio cha Storz, ambacho pande zote mbili zinafanana na hufungwa kwa kuzungushwa. Marekani wana viungio vya kukaza kwa nyuzi, kama parafujo. Mpira wa Poland hauingii kwenye pampu ya Kiingereza, na wa Marekani hauingii popote kati ya hizo mbili. Mtu anayepokea kontena la mipira mizuri, mipya, isiyo na tundu hata moja, huona mali. Fundi huona mzigo wa turubai ambao hautatoa tone la maji mpaka zipatikane adapta. Adapta ni kipande cha chuma kinachoenea mkononi, lakini hatujawahi kupokea shehena iliyokuja nazo. Tumezichongesha kwa mafundi wa vyuma mjini Nakuru. Baadhi zimeshikilia, na baadhi zimefyatuka chini ya shinikizo la maji na kuhatarisha watu.

Mitungi ya hewa ya kupumulia ina habari yake. Mtungi mmoja humtosha mzimamoto kwa takriban nusu saa ndani ya moshi. Baada ya hapo lazima ujazwe kwa kompresa maalumu inayochuja hewa, si ile ya kujazia upepo magurudumu. Kila baada ya miaka kadhaa, kwa kawaida 5, mtungi lazima upimwe uwezo wake wa kuhimili shinikizo. Na ile iliyofumwa kwa nyuzi za kaboni mingi huondolewa kazini ikitimiza miaka 15. Tunaletewa mitungi iliyokaribia kabisa umri huo, bila kompresa na bila cheti. Inatumika mara moja, inaisha, inageuka pambo la ofisini. Na kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo: kijana anaweza kuvaa barakoa akiamini ana hewa.

Mavazi nayo ni vilevile. Kanuni za Marekani zinataka koti na suruali ya mzimamoto viondolewe kazini miaka 10 baada ya kushonwa, kwa kuwa kitambaa kinachokinga joto huchoka hata kikiwa hakijararuka. Idara za zimamoto huko zikifikia muda huo hutafuta wa kumpa. Hatuwalaumu, na hatutaki kuonekana wenye kukosa shukrani. Koti la miaka 12 linafaa kwa mazoezi, kwa moto wa nyasi, na kwa kukata vyuma kwenye ajali ya barabarani. Lakini aliyelivaa aambiwe ukweli kwamba asiingie nalo ndani ya nyumba inayowaka. Hatujaona kibandiko hata kimoja kinachosema hivyo. Uhai wa kijana wa Kabatini una thamani ileile ya kijana wa Ohio.

Yapo mashirika yanayofanya kazi hii kwa utaratibu, na ni haki kuyataja. Shirika la Kipolandi la PCPM limekuwa likiwafundisha wazimamoto wa kaunti kadhaa za Kenya, Kiambu ikiwa mojawapo, na kuwapa vifaa pamoja na mafunzo, si vifaa peke yake. Huko Mogadishu, Daktari Abdulkadir Adan alianzisha mwaka 2006 huduma ya ambulensi ya bure, Aamin, katika mji uliokuwa ukipigwa mabomu mchana na usiku. Lilipolipuka lile bomu kubwa la tarehe 14 Oktoba 2017, lililoua mamia ya watu, magari ya Aamin ndiyo yaliyokuwa yakiokota majeruhi. Huduma hiyo imesimama kwa sababu wanaoiendesha ni wenyeji wenye mafunzo, si kwa sababu walipewa magari ya kifahari.

Na kuna mfano wa Ukraine. Tangu Machi 2022 wazimamoto wa Uingereza, wakiongozwa na shirika la FIRE AID pamoja na baraza la wakuu wa zimamoto wa nchi hiyo, wamekuwa wakiendesha misafara ya magari ya zimamoto na vifaa kutoka Kent hadi Poland, ambako wanavikabidhi kwa Waukraine. Madereva wake ni watu wa kujitolea, wengine wakiwa likizoni, wengine wastaafu. Tumeifuatilia misafara ile kwa makini, tukitafuta siri yake. Fedha ni sehemu tu ya jibu. Serikali yao ilisimama nyuma yao, wapokeaji ni idara ya taifa inayosema yenyewe inahitaji nini, karatasi za forodha zilitayarishwa kabla gari halijawashwa, na dereva anafahamika ni nani na yuko chini ya nani. Hayo manne yangewezekana hapa bila kungoja utajiri wa Uingereza.

Hapa kwetu mambo ni kinyume. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 linasamehe ushuru bidhaa za msaada wa dharura kwa maeneo yaliyopatwa na maafa, lakini msamaha huo hupitia serikali au shirika lililoidhinishwa. Kikundi cha kijijini hakimo. Basi tunalazimika kumtafuta mkubwa atukopeshe jina lake, na mkubwa huyo akichelewa kutia sahihi, gharama za kuhifadhi kontena zinapanda kila siku. Kuna shehena yetu iliyokaa hivyo mpaka gharama ikazidi thamani ya vilivyokuwa ndani. Hatutaitaja ofisi iliyohusika, maana hatukuja hapa kumwaibisha mtu. Tunachosema ni kwamba wakati karatasi ilipokuwa ikitembea meza hadi meza, watu waliokuwa wakizingoja machela zile walikuwa wakibebwa kwenye mablanketi.

Magari pia yana kikwazo chake. Kila anayeagiza gari la mtumba anajua kanuni ya umri wa miaka 8. Kwa gari la abiria kanuni hiyo ina maana. Lakini gari la zimamoto hulala kituoni, hutoka kwa dharura, hutunzwa na mafundi wake, na huweza kufikisha miaka 15 pampu yake ikiwa nzima kabisa. Kulipima kwa kipimo cha teksi ni kulikataa kabla ya kulitazama.

Halafu tunafika barabarani. Tumesimamishwa kwenye vizuizi tukaulizwa tunampelekea nani mipira na kamba. Upande mmoja umetushuku kwamba tunawasaidia wezi wa mifugo. Upande wa pili umetushuku kwamba sisi ni macho ya serikali. Mmoja wetu alipigwa, na aliyempiga hajulikani mpaka leo. Tuliwahi kuombwa na watu wenye silaha za halali tuwape nafasi ndani ya gari letu kwa sababu wao hawakuwa na mafuta. Tulikataa, na tutaendelea kukataa, ingawa tunatambua kazi ngumu waliyonayo. Gari la uokoaji likionekana mara moja tu limebeba bunduki, kuanzia siku hiyo kila gari la uokoaji litapigwa risasi.

Jambo hili lina msingi katika sheria za vita. Itifaki ya Kwanza ya 1977, inayofuata Mikataba ya Geneva ya 1949, inataja katika Kifungu cha 61 kuzima moto na kuokoa watu kuwa miongoni mwa kazi za ulinzi wa raia zinazopaswa kuheshimiwa, na inaziwekea alama yake: pembetatu ya buluu juu ya rangi ya chungwa. Itifaki hiyo inahusu vita kati ya mataifa, nasi tunafahamu kwamba mapigano ya Baringo si ya aina hiyo kisheria. Lakini busara iliyomo ndani yake haina mpaka. Mwenye kubeba maji ya kuzimia moto ajulikane kwa mbali, asichanganywe na mwenye kubeba risasi. Leo sisi tunajulikana kwa mbali kwa fulana tulizonunua Nakuru mjini, kila mmoja kwa pesa zake.

Linalotuumiza kuliko yote ni hili la waliojeruhiwa kazini. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamlinda mwajiriwa. Mjitoleaji si mwajiriwa wa mtu. Akiungua, akivunjika mguu, akifa, familia yake inabaki na harambee. Tuna mwenzetu aliyeanguka kutoka juu ya paa akiokoa watu, na mpaka leo hawezi kuinua jembe. Mkewe alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake, nasi tunalileta kwenu kama alivyolisema: je, mtu akiitwa shujaa, dawa zake hulipwa na nani?

Waheshimiwa, hayo ndiyo tuliyokuja kuyalalamikia. Madai yetu ni haya.

Kwanza kabisa, mjitoleaji wa zimamoto na uokoaji atambuliwe kisheria. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti huduma za zimamoto na usimamizi wa maafa, kwa hiyo Bunge la Kaunti ya Nakuru lina mamlaka ya kutunga sheria hii bila kungoja mtu. Tunataka daftari la wajitoleaji waliofunzwa, kila mmoja na kitambulisho. Tunataka bima ya ajali na ya maisha inayolipwa na kaunti kwa kila aliye kwenye daftari hilo, awe anafanya kazi Dundori au amevuka kwenda kaunti nyingine kwa ruhusa. Na tunataka matibabu ya waliokwisha kuumia yagharamiwe, wasiachwe nje kwa kuwa waliumia kabla ya sheria kuwepo. Kati ya madai yetu yote, hili halina mjadala. Mkitupa mengine yote mkakosa hili, bado mtakuwa mmetutuma motoni mikono mitupu.

Pili, kaunti ikubali kuwa mpokeaji rasmi wa vifaa vya msaada kwa niaba ya vikundi vilivyosajiliwa, na ofisa mmoja anayejulikana kwa jina apewe kazi ya kufuatilia msamaha wa ushuru kuanzia siku mhisani anapoandika barua, si siku kontena linaposhuka Mombasa. Mheshimiwa Mbunge, tunakuomba ulifikishe Bunge la Taifa suala la umri wa magari ya zimamoto, ili yapimwe kwa ukaguzi wa pampu, tangi na breki.

Tatu, pasipokelewe shehena yoyote bila orodha iliyotoka kwa watu watakaoitumia. Wahisani waambiwe kwa adabu, lakini waambiwe: mipira ije na adapta za BS 336, mitungi ije na vyeti na kompresa, mavazi yaandikwe mwaka yaliposhonwa. Kisichofaa kikataliwe hukohuko kwao kabla ya kupanda meli. Tunaona ni heri kupokea machela 10 zilizo nzima kuliko kontena la vitu vya kwenda kutupa kwenye jaa la taka la Gioto.

Nne, tupewe ghala na karakana hapa Bahati. Mahali pa kujenga si tatizo. Tatizo ni fundi wa pampu anayelipwa, vipuri, na mkufunzi kutoka kikosi cha zimamoto cha kaunti atakayekuja kila mwezi bila kusihiwa. Na kwa kuwa tumetaja Bahati, visima vya Kabatini vinasaidia kuinywesha Nakuru miaka nenda miaka rudi. Tunadai bomba la barabarani la kujazia magari ya zimamoto liwekwe Kabatini, Kiamaina na Dundori. Maji yanapita chini ya miguu yetu kwenda mjini, na nyumba zetu zinaungua tukiwa na ndoo.

Tano, na hili linamhusu Kamishna wa Kaunti pamoja na wenzake wa Baringo. Tunaomba utaratibu wa maandishi wa kupita kwa usalama: barua moja inayotambuliwa katika vizuizi vyote kutoka Nakuru hadi Marigat na kuendelea, alama moja ya gari, na agizo kwamba gari hilo halibebi silaha wala mwenye silaha, wa serikali au wa kijiji, kwa hali yoyote. Vibali vya redio za mawasiliano vitolewe pia, maana bonde lile lina sehemu nyingi ambazo simu haishiki. Wazee wa jamii zote 3, Wailchamus, Watugen na Wapokot, washirikishwe katika utaratibu huo tangu mwanzo. Bila wao barua ya serikali ni karatasi tu.

Sita, vifaa hivi visipakwe rangi za chama wala visibandikwe picha ya kiongozi yeyote. Waheshimiwa, tunalisema hili mbele yenu kwa heshima na bila kumlenga mtu. Mjini, picha kwenye ambulensi ni siasa ya kawaida. Kwenye eneo la mapigano, picha hiyo inampa mwenye bunduki sababu. Sherehe za makabidhiano pia zifupishwe. Kifaa kikiwa tayari kiondoke, kisizuiliwe ghalani kungoja ratiba ya mgeni wa heshima.

Mwisho, tunadai daftari la wazi. Kila kifaa kilichopokelewa, kilikotoka, kilikopelekwa, na hali yake ya sasa, viandikwe na kubandikwa katika ofisi ya kila wadi, na mwananchi yeyote aweze kuuliza, kama Kifungu cha 35 cha Katiba kinavyomruhusu. Sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kukaguliwa. Vitabu vyetu tumekuja navyo, viko juu ya meza hii.

Tunaomba majibu ya maandishi katika muda wa siku 60, yakieleza kwa kila dai ni nani atakayelishughulikia na kwa fedha za mwaka gani. Wawakilishi wetu 5, mmoja kutoka kila wadi, wako tayari kuketi na maofisa wenu siku yoyote mtakayotaja, Nakuru au hapahapa. Tunaomba mkutano wa kwanza uwe kabla ya Januari, kwa sababu kiangazi ndicho kipindi ambacho nyasi za msitu wa Bahati na za Menengai hushika moto kwa urahisi, na ndicho kipindi ambacho malisho hupungua kule kaskazini na mashambulizi huongezeka. Machela na mabomba ya mgongoni yaliyo tayari tutayapeleka Marigat wiki ijayo, tukiwa na barua ya kupita kwa usalama au bila.

Wenu katika utumishi,

Wajitoleaji wa zimamoto na uokoaji kutoka wadi 5 za Bahati.